République: Mchezo wa Simu Uliouzwa Kabla Haujaisha

République ni mchezo wa simu ulioundwa na Camouflaj, studio ndogo ya jimbo la Washington nchini Marekani, na uliingia katika duka la programu la Apple tarehe 19 Desemba 2013 ukiwa na sehemu moja tu kati ya tano zilizokusudiwa. Sehemu hiyo iliuzwa kwa dola 4.99. Aliyetaka kujihakikishia nne zilizobaki aliongeza dola 14.99 na kupewa kinachoitwa pasi ya msimu, yaani alilipia siku hiyo kazi ambayo haikuwa imekamilika na ambayo tarehe ya kukamilika kwake haikuandikwa kwenye risiti. Sehemu ya tano ilitoka Machi 2016. Tathmini hii inaupima mchezo wenyewe, lakini inautazama kwa makini zaidi utaratibu huo wa mauzo, kwa sababu unaendelea kutumiwa na wengi, na kwa sababu République ni mfano wa utaratibu huo ukiwa mikononi mwa watu walioheshimu ahadi yao. Kasoro itakayoonekana hapa haiwezi kusukumiwa matapeli.

Tuanze na kilichouzwa. Mchezo unapofunguka, msichana aitwaye Hope anapiga simu ya video kutoka ndani ya Metamorphosis, jengo kubwa la siri linalotawaliwa na mtu anayejulikana kwa cheo chake cha mkuu wa shule, na anamwomba aliyepokea simu amsaidie kutoroka. Mchezaji hamshiki Hope na kumtembeza kama kikaragosi. Anachofanya ni kudukua kamera za ulinzi zilizojaa katika kila ukumbi, kuhama kutoka kamera moja hadi nyingine, kufungua na kufunga milango kwa mbali, na kumwonyesha Hope, kwa kugusa kioo, mahali pa kukimbilia. Namna ya kuchutama, kujibanza ukutani na kunyata Hope anaijua mwenyewe. Kidole kimoja kinatosha kwa kazi yote. Aliyewahi kuhangaika na vitufe bandia vilivyochorwa pembeni mwa kioo, vinavyofunikwa na dole gumba pale hasa mtu anapovihitaji, ataelewa kwa nini ubunifu huu ulisifiwa. Ryan Payton, mwanzilishi wa studio, alitoka kwenye miradi ya michezo mikubwa ya Metal Gear Solid 4 na Halo 4, na inaonekana aliamua kuuliza simu inaweza kufanya nini vizuri badala ya kuilazimisha iwe televisheni ndogo.

Jambo la pili linaloupa mchezo huu uzito ni kwamba mchezaji naye ni mpelelezi. Ili kumwokoa Hope inabidi asikilize ujumbe wa sauti wa watu, asome barua pepe zao, achungulie pasipoti za walinzi huku muda ukiwa umesimamishwa, na kisha auze taarifa hizo kwa dalali wa data ndani ya mchezo ili apate uwezo mpya wa udukuzi. Sifa hapa ni mbili. Kwanza, uwezo huo haununuliwi kwa fedha halisi: hakuna sarafu za dhahabu, hakuna masanduku ya bahati, hakuna kungojea saa sita ili nguvu zirudi. Pili, mchezo unamfanya mtu ashiriki katika jambo lilelile analopigana nalo bila kumhubiria. Yupo pia Cooper, mlinzi anayemsaidia Hope kwa siri na kuzungumza kupitia programu inayogeuza maandishi kuwa sauti, na vichekesho vyake vinapunguza giza la hadithi kwa kipimo kinachofaa. Walinzi wanaoibiwa mifukoni hukutwa na diski za michezo halisi ya studio nyingine ndogo, ambayo Cooper huisifia kwa shauku ya shabiki. Ni matangazo, lakini sijaona matangazo yaliyofanywa kwa upendo kiasi hicho. Kwa upande wa sauti, wamo waigizaji David Hayter, aliyekuwa sauti ya Snake, shujaa wa Metal Gear Solid, kwa Kiingereza, na Jennifer Hale, na kazi yao haina dalili ya kulipuliwa.

Udhaifu upo, na haufichiki. Hope anapovuka mpaka wa kamera moja, picha huhamia kamera nyingine yenye upande tofauti, na mchezaji aliyekuwa akimwelekeza kulia anajikuta anampeleka kifuani mwa mlinzi. Kurudi nyuma kwenye korido zilezile ni kwingi mno. Hope akikamatwa hafi wala mchezo hauanzi upya; anasindikizwa hadi chumba cha karibu na kufungiwa, kisha anatoroka tena, jambo ambalo ni la huruma kwa mchezaji mgeni lakini linaupunguzia mchezo wa kujificha ile hofu ambayo ndiyo chakula chake. Na maandishi ni mengi, hayapo kwa Kiswahili, kwa hiyo asiyesoma lugha nyingine kwa raha atabaki na nusu ya hadithi.

Sasa bei. Nimesikia watu wakisema kwamba kuuza mchezo kwa vipande ni hila ya kumtoza mtu mara nyingi kwa kitu kimoja. Sikubaliani nao, angalau si hapa. Msomaji wa Kiswahili amelelewa na neno "itaendelea". Riwaya za mfululizo zimeuza magazeti miaka mingi, na leo waandishi wanaziuza katika makundi ya WhatsApp, wakitoa sehemu za mwanzo bure na kudai kiasi kidogo kwa zinazofuata. Hakuna anayeona kwamba ameibiwa, kwa sababu anayelipia sehemu ya kumi anaipata sehemu ya kumi wakati uleule, na mwandishi akizembea, msomaji anazuia fedha yake. Dola 4.99 kwa sehemu ya kwanza ya République ilikuwa biashara ya aina hiyo. Mnunuzi alipata saa kadhaa za mchezo uliong'arishwa, unaofanya kazi, wenye mwanzo na mwisho wake ndani ya hadithi kubwa, na alikuwa na kila kinachohitajika ili kuamua kama atanunua cha pili. Studio nayo ilipata fedha ya kuendelea na kusikia maoni ya watu ikiwa bado na nafasi ya kurekebisha.

Pasi ya msimu ni biashara nyingine kabisa, ijapokuwa ilikaa kwenye duka lilelile. Aliyelipa dola 14.99 mwezi ule wa Desemba hakununua mchezo; aliikopesha studio, bila riba, bila dhamana na bila tarehe ya marejesho, na zawadi yake ilikuwa punguzo la karibu dola 5 kulinganisha na kununua sehemu nne kila moja kwa bei yake. Mkopo wenyewe ulikuwa wa pili. Mwaka 2012 studio ilikuwa imekwisha kuchangisha umma kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, ikiomba dola 500,000 na kupata zaidi ya dola 555,000. Mchango wa Kickstarter unaeleweka: anayetoa anajua kwamba anabeti juu ya wazo. Lakini duka la programu halina sura ya harambee. Mtu anabonyeza kitufe chenye bei, na mazoea yake yote yanamwambia kwamba kilicho nyuma ya kitufe hicho kipo.

Tuyatazame matokeo kwa anayekopesha. Sehemu ya pili ilitoka Aprili 2014, na muda huo ulivumilika. Ya tatu ilikuja baadaye mwaka uleule. Ya nne haikuonekana mpaka 2015, na ya tano Machi 2016, kwa hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho ilikuwa miaka miwili na miezi mitatu kwa hadithi ambayo, ikichezwa mfululizo, inamalizika kwa siku chache. Kuchelewa huku hakukuwa usumbufu wa kawaida tu. Mchezo wa kujificha unategemea kumbukumbu ya mikono: njia ya walinzi, mlango unaofunguka kwa sekunde chache, kamera iliyo juu ya ngazi. Hadithi nayo imetawanywa katika kaseti, barua na maneno ya pembeni ambayo mtu hawezi kuyabeba kichwani mwaka mzima. Aliyerudi kwenye sehemu ya nne bila kurudia tatu za mwanzo alikuwa mgeni katika jengo alilolilipia. Kwa maneno mengine, wale walioamini mapema ndio waliopata mchezo ulio dhaifu zaidi, na aliyesubiri na kununua zote 2016 ndiye aliyepata mchezo bora. Sioni namna ya kulielezea hilo kama haki.

Katikati ya pengo hilo, Februari 2015, studio ilitoa toleo la kompyuta lenye sehemu tatu za kwanza zilizojengwa upya kwa Unity 5, mtambo wa kuundia michezo. Lilionekana vizuri, na lazima isemwe kwamba halikuwa usaliti: katikati ya kampeni ya Kickstarter, mchango ulipokuwa unasuasua, studio iliahidi toleo la kompyuta na wachangiaji walikuwa wanalidai. Lakini mnunuzi wa simu hakuwa sehemu ya makubaliano hayo. Yeye alilipia sehemu ya nne na ya tano, na akashuhudia nguvu za studio zikienda kupamba ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa ajili ya wateja wengine. Huo ndio ubaya wa malipo ya mapema kwa studio ndogo: fedha ikishaingia, mwenye pasi anakuwa mteja pekee ambaye hakuna kinachoweza kupatikana tena kutoka kwake, na ahadi yake inashindana na ahadi zinazoweza kuleta fedha mpya. Hahitajiki mtu mwenye nia mbaya ili jambo hilo litokee.

Sheria za maduka hazisaidii sana. Apple huzuia matoleo ya majaribio yasiuzwe katika duka lake, na huyaelekeza kwenye TestFlight, programu yake ya majaribio. Lakini mchezo wa vipande hupita bila tatizo, kwa kuwa kila kipande kinafanya kazi kikamilifu chenyewe. Google Play humpa mnunuzi saa 48 za kuomba arudishiwe fedha kwa njia rahisi. Muda huo unatosha kugundua kwamba mchezo haufunguki kwenye simu yako. Dhidi ya ahadi ya miezi 27 ni kichekesho. Na kuna hatari nyingine ambayo watu huisahau: simu yenyewe inabadilika. Mwaka 2017 Apple iliacha kabisa, kupitia iOS 11, kuendesha programu za zamani za biti 32, na michezo mingi ambayo waundaji wake hawakuifanyia marekebisho ilikoma kufunguka ingawa ilikuwa imelipiwa yote. Kadiri awamu zinavyorefuka, ndivyo uwezekano wa kifaa kuondoka kabla ya hadithi kwisha unavyoongezeka.

Anayedhani kwamba naikuza hatari hii aangalie yaliyoikuta Telltale Games. Kampuni hiyo ndiyo iliyoufanya mtindo wa vipande uwe wa kawaida: The Walking Dead yake ya 2012 ilitoka kwa sehemu tano kati ya Aprili na Novemba, ikafika kwenye iPhone mwaka huohuo, na ikaonyesha kwamba mapumziko mafupi kati ya sehemu yanaweza hata kuisaidia hadithi, watu wakijadiliana nini kitafuata. Kisha, Septemba 2018, msimu wa mwisho wa mfululizo huohuo ukiwa katikati, Telltale iliwafukuza kazi karibu wafanyakazi wote. Kulikuwa na watu waliokwisha kulipia sehemu zote nne. Msimu ulikamilishwa Machi 2019 kwa sababu tu Skybound, kampuni ya mwandishi wa hadithi asilia, iliuchukua mradi na kuwarudisha baadhi ya waundaji. Kazi isiyo na jina kubwa kiasi hicho isingempata mwokozi. Huko nako mtu ambaye angelipia kipande kimoja kimoja angepoteza nusu ya hadithi bila kupoteza shilingi ya ziada.

Upande mwingine wa mizani kuna Minecraft Pocket Edition, toleo la simu la mchezo wa ujenzi wa Minecraft, na bila mfano huo hukumu yangu ingekuwa ya upande mmoja. Iliuzwa kuanzia Agosti 2011, kwanza kwa simu ya Xperia Play na baadaye mwaka huo kwa Android nyingine na iPhone, ikiwa toleo la alfa, yaani la awali, lililopungukiwa na mengi yaliyokuwamo katika toleo la kompyuta. Bei yake ilikuwa dola 6.99. Toleo la 1.0 lilifika Desemba 2016, zaidi ya miaka mitano baadaye, na aliyenunua mwanzoni hakutozwa tena kwa maboresho yaliyokuja katikati. Huo ni mchezo ambao haujaisha, uliouzwa kwa miaka mingi, na sikumbuki mtu akilalamika kwamba alikopwa. Tofauti ni kwamba kilichokuwapo siku ya kwanza kilistahili bei yake chenyewe. Mtu alijenga nyumba yake, akaifurahia, na kilichoongezwa baadaye kilikuwa bakshishi. Hadithi yenye mwisho haina bahati hiyo: nyumba isiyo na madirisha inakalika, lakini siri isiyofichuliwa ni kero.

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki hesabu ina upande wake wa ziada, na hapa inabidi niitetee pasi kidogo. Bei zilikuwa kwa dola. Desemba 2013 dola moja ilikuwa takriban shilingi 1,600 za Tanzania, na Machi 2016 ilikuwa inakaribia 2,200. Kwa Kenya ilitoka karibu 86 hadi kupita 100. Sehemu ambayo ingemgharimu mtu wa Dar es Salaam shilingi 8,000 mwanzoni ilimgharimu karibu 11,000 mwishoni, bila studio kupandisha hata senti. Aliyenunua pasi mapema alijikinga na mporomoko huo, na kwa hakika, kwa kuwa mchezo ulikamilika, alitoka na faida ya fedha. Ni hoja ya kweli. Hata hivyo ni faida inayojulikana baada ya tukio, na anayetaka kubeti juu ya thamani ya shilingi ana njia zenye hatari ndogo kuliko studio ya michezo inayobahatisha tarehe. Kwa upande mwingine, malipo ya vipande yanaendana na namna wengi wetu tunavyotumia fedha kwenye simu: kidogo leo, kidogo mwezi ujao, kwa M-Pesa pale ambapo Google Play inaikubali, na bando likinunuliwa kulingana na ukubwa wa faili la sehemu moja badala ya mchezo mzima.

Laiti studio ingeuza pasi hiyo baada ya sehemu ya tatu kutoka, nisingekuwa na la kusema. Wakati huo zaidi ya nusu ya kazi ingekuwa imeonekana, mnunuzi angekuwa na rekodi ya mwendo wa waundaji, na hatari ingegawanywa kwa uwiano unaoeleweka. Au ingeweka sharti jepesi: sehemu isipotoka ndani ya mwaka mmoja, thamani yake irudishwe. Studio itakayosema haiwezi kuahidi hilo inakiri kwamba haijui kama itamaliza, na mnunuzi anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kubonyeza.

Kama mchezo, République uliokamilika ninaupa alama nane kati ya kumi. Kama mauzo ya Desemba 2013, sehemu ya kwanza ilistahili dola zake na pasi haikustahili. Anayeutafuta leo ana matoleo ya kompyuta, PlayStation 4 na, tangu Machi 2022, Nintendo Switch, yenye sehemu zote tano pamoja, na hapo tatizo zima la kusubiri linatoweka. Kinachopungua ni ule ujanja wa simu ya Hope kuita kwenye simu ya mchezaji mwenyewe, ambao kwenye televisheni unabaki kuwa onyesho la kawaida la ufunguzi. Mwenye kifaa kinachoendesha toleo la simu, likiwa bado linapatikana kwake, aanzie huko, alipie sehemu ya kwanza peke yake, na kuhusu nne zilizobaki aamue baada ya kuona kama hizo kamera zinamchosha au zinamvuta.